Shimanzi, Mlango wa Uani

Ukimuuliza mtu historia ya Mombasa, atakupeleka Fort Jesus. Atakuonyesha mizinga, milango ya nakshi ya Mji wa Kale na bandari ya majahazi, halafu atakwambia Wareno walikuja, Waomani wakawatoa, Waingereza wakafuata. Si uongo. Lakini hadithi hiyo yote inatazama mashariki, kwenye bahari kuu, kama nyumba ambayo mgeni huonyeshwa sebule peke yake. Mimi ni mtu wa Shimanzi, upande wa pili wa kisiwa, na nasema hivi: makubwa ya mji huu yamepitia mlango wa uani.

Hebu tuanze na ramani. Kisiwa cha Mombasa kimeshikwa na mikono miwili ya bahari. Kaskazini kuna mkono wa Tudor. Magharibi kuna Kilindini, na jina lenyewe linajieleza: kwenye kilindi, penye maji marefu. Mikono hiyo inakutana Makupa, na hapo maji yalikuwa haba kiasi kwamba yakipwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu hadi bara. Shimanzi imekaa hapo karibu, kati ya Makupa na bandari.

Kivuko hicho kiliwahi kuamua hatima ya mji mzima. Mwaka 1589 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alikuwa Mombasa na meli zake. Wenyeji walimpokea maanake walikuwa wamechoka na Wareno. Upande wa bara, Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini pande za mto Zambezi, walikuwa wamepiga kambi, lakini kuvuka hawawezi: meli za Waturuki zinalinda Makupa. Ndipo Tomé de Sousa Coutinho akafika kutoka Goa na kundi la meli za Wareno. Zikatekwa zile za ulinzi, na kivuko kikabaki bila mwenyewe. Wazimba wakaingia kisiwani. Watu wakakimbilia baharini, wengine wakafa maji. Mir Ali Bey akatekwa na kupelekwa Ureno.

Habari hizi tunazo kwa kalamu ya Wareno, kwa hivyo yale ya kutisha waliyoandika kuhusu Wazimba tuyasome kwa tahadhari. Lakini mpangilio wa mambo uko wazi. Mizinga ilipigwa baharini, na mji ukafunguka uani. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, baada ya msiba huo. Na Wareno somo walilishika: pamoja na ngome yao kubwa ya mashariki, waliweka vijingome Makupa kulinda kivuko.

Miaka mia tatu baadaye Waingereza walipita palepale, safari hii wakielekea bara. Mwaka 1896 walianza kutandika reli ya Uganda kutoka kisiwani, wakavuka Makupa kwa daraja la muda la mbao. Mwaka 1899 likaja daraja la chuma, wakaliita Salisbury, jina la waziri mkuu wao. Treni ilitaka meli kubwa, na meli kubwa zilitaka kina. Bandari ya Kale, iliyotosha jahazi kwa karne nyingi, haikuwatosha. Mwaka 1926 magati ya maji marefu yalianza kazi Kilindini, na basi, nyumba ikageuzwa: uani kukawa ndiko kwenye biashara, sebuleni kukabaki kumbukumbu. Huku kwetu yakaota matangi ya mafuta, magodauni, nafaka, chai.

Mizigo haijibebi. Aliyeibeba alikuwa kibarua: Mmijikenda, Mkamba, Mjaluo, Mkikuyu, Mshihiri wa Hadhramaut. Kodi ya chumba ilimla kabla hajala. Walipogoma 1939, posho ya nyumba ilikuwa miongoni mwa madai yao. Kisha tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini. Bandari, reli, hoteli, kote kimya, kwa siku 12. Mikutano yao ilikuwa Majengo, jirani zetu, kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Walitaka mshahara wa kumtosha mtu kuishi, na malipo sawa kwa kazi sawa. Chama chao, African Workers' Federation, kiliongozwa na Chege Kibachia. Agosti ya mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilimkamata na kumhamishia Kabarnet, mbali kabisa na bahari. Ukitaka kujua mkoloni aliogopa nini Mombasa, angalia alimhofia nani: si mwenye mzinga, ni mwenye gunia begani.

Mwaka 2011 Fort Jesus iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ni haki yake. Huku kwetu, ukiona mtalii ujue amepotea njia. Mtoto wa Shimanzi anakua akiambiwa historia iko kule, kwenye tiketi, naye hapa ana malori na harufu ya dizeli tu. Kumbe hayo malori ni ukurasa wa kitabu kilekile.

Na kitabu hakijafungwa. Mwaka 2019 serikali iliagiza kontena za kwenda Nairobi na mbele zaidi zipakiwe moja kwa moja kwenye treni ya SGR. Madereva, makanika na mama wa vibanda vya chakula waliona riziki ikiwapita, na watu wakaandamana mjini. Amri hiyo iliondolewa 2022. Mwaka huohuo daraja jipya la Makupa lilifunguliwa mahali pa lile tuta la zamani lililoziba mkondo, maji yapate tena kuzunguka kisiwa.

Maji yamepata njia yake. Swali la 1589 bado liko pale Makupa na halijibiwi Fort Jesus: kinachopita hapa, nani anakilinda, na nani anakula?