Kuba la Vuga

Ukitoka Kawe, Dar es Salaam, unapanda daladala mpaka Posta, unatembea hadi bandarini, na baada ya saa mbili hivi boti inakushusha Unguja. Wengi wetu tukifika hukimbilia Forodhani kula urojo. Safari hii nilipitiliza hadi Vuga, kwenye jengo la zamani la Mahakama Kuu: jeupe, la matao na kuba, lililojengwa kati ya 1904 na 1908.

Mchoraji wake ni Mwingereza, John Sinclair, ofisa wa serikali ambaye baadaye, 1922 hadi 1924, ndiye aliyekuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza visiwani. Beit el Amani ya Mnazi Mmoja, iliyofunguliwa 1925, nayo ni kazi yake, na ukishauzoea mkono wake unautambua kwa mbali. Alitaka majengo ya serikali yafanane na ya Waarabu.

Waarabu gani, lakini? Nyumba za Waomani wa Mji Mkongwe kwa nje ni kuta tupu. Urembo wote umewekwa mlangoni, kwenye mbao za nakshi na misumari ya shaba. Misikiti ya Waibadhi kwa desturi haikuwa hata na mnara. Kuba la Sinclair ni Uarabu wa kuagiza.

Ingia nyumba yoyote ya kale pale mtaani, uinue macho. Boriti za mikandaa zimelala bega kwa bega, na kwa kuwa ni shida kupata boriti nzuri ya kupita mita tatu hivi, chumba nacho huwa chembamba kama ushoroba. Humo huwezi kumweka jaji, karani, mawakili, mshitakiwa na ukoo wake mzima. Kadhi barazani palimtosha. Sheria ya Mwingereza ilidai ukumbi.

Tena zilikuwapo mahakama mbili: ya Sultani kwa raia wake, na ya mfalme wa Uingereza kwa raia wa Kiingereza, Wahindi wengi wakiwamo. Majaji Waingereza walikaa kote kuwili.

Hadi leo Mahakama Kuu ya Zanzibar si ya Bara. Kesi ya kiwanja cha Kawe na ya shamba la mikarafuu la Unguja hupanda ngazi tofauti, zikakutane Mahakama ya Rufani iliyoanzishwa 1979. Isipokuwa mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi: hayo huishia hukohuko Zanzibar.