Sindromu ya shida kali ya upumuaji

Sindromu ya shida kali ya upumuaji ni hali ya hatari inayofanya mapafu yavimbe na kujaa majimaji kwa muda mfupi, hata damu ikakosa oksijeni ya kutosha. Hailetwi na kimelea kimoja. Visababishi vyake vikuu ni nimonia na sepsisi. Vingine ni malaria kali, majeraha makubwa, uvimbe wa kongosho na matapishi yaliyoingia mapafuni. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuiponya kwa wagonjwa wote. Vifo vimepunguzwa hasa kwa kujifunza namna ya kumsaidia mgonjwa apumue bila kumwumiza zaidi.

Jinsi inavyotokea

Katika pafu lenye afya, oksijeni hutoka kwenye vifuko vya hewa na kuingia kwenye damu kupitia utando mwembamba sana. Utando huo ukiharibika, majimaji yenye protini huvuja na kujaza vifuko. Vingine husinyaa na kuziba. Damu ipitayo hapo hurudi moyoni bila kuongezewa oksijeni. Kwa hiyo mgonjwa aliyezidiwa hasaidiki kwa oksijeni ya puani peke yake.

Historia

Mwaka 1952 mlipuko wa polio mjini Copenhagen, Denmark, uliwapooza wagonjwa wengi misuli ya kupumulia. Daktari Bjørn Ibsen alipendekeza wapitishiwe mrija kooni na kusukumiwa hewa. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kubinya mifuko ya hewa kwa mkono, usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa wodi za wagonjwa mahututi, ambamo sindromu hii hutibiwa. Mwaka 1967 David Ashbaugh na wenzake wa Denver, Marekani, walieleza katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 12 wenye sindromu hii.

Utafiti wa tiba

Katika miaka ya 1980, Luciano Gattinoni wa Italia alionyesha kwa picha za CT kuwa sehemu ya pafu inayobaki wazi ni ndogo, kama pafu la mtoto. Hewa nyingi ikisukumwa humo, huichana. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2000 liliwagawa wagonjwa 861: wengine walipewa pumzi za mililita 12 kwa kila kilo, wengine mililita 6. Vifo vilishuka kutoka asilimia 39.8 hadi 31. Kilo hizo hukokotolewa kwa kimo, kwa sababu mapafu hayakui mtu anaponenepa. Mwanamume wa sentimita 170 hukadiriwa kilo 66, na pumzi yake huwa takriban mililita 400.

Mwaka 2013 jaribio lililoongozwa na Claude Guérin wa Ufaransa lilithibitisha faida ya kuwalaza kifudifudi wagonjwa waliozidiwa, angalau saa 16 mfululizo: vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 16, dhidi ya 32.8 kwa waliolala chali. Mwaka 2020 nchini Uingereza, deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3.

Utambuzi

Ufafanuzi wa Berlin wa mwaka 2012 ulidai kipimo cha gesi za damu, picha ya kifua, na mashine inayoweka shinikizo mapafuni. Utafiti wa nchi 50 uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, hata penye vifaa hivyo, madaktari waliwatambua takriban asilimia 60 tu ya wagonjwa.

Mwaka huohuo watafiti wa Kigali, Rwanda, walitumia kipimo cha oksijeni cha kidoleni na ultrasaundi, bila sharti la mashine. Kati ya wagonjwa 1,046 waliolazwa, 42 walikuwa na sindromu, na nusu yao walifariki. Kwa vigezo vya Berlin, asingehesabika hata mmoja. Ufafanuzi wa kimataifa wa mwaka 2023 ulikubali vipimo vya aina hiyo.

Umuhimu kwa Afrika

Matokeo ya Kigali yaliondoa dhana kwamba ugonjwa huu ni wa hospitali tajiri. Kumhesabu mgonjwa hakumponyi: anahitaji oksijeni isiyokatika, umeme wa uhakika, na wauguzi wa kutosha wa kumgeuza na kumwangalia usiku kucha. Hayo yapaswa kutangulia ununuzi wa mashine za gharama, kwani pasipo hayo mashine haimfai mgonjwa.