Kiingereza rasmi na kisicho rasmi: Mambo ya kuzingatia katika mtihani wa kidato cha nne

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka ifikapo Novemba, maelfu ya wanafunzi wa kidato cha nne nchini huingia katika vyumba vya mtihani kufanya, pamoja na masomo mengine, mtihani wa lugha ya Kiingereza unaochukua saa tatu.

Katika somo hilo, linalotahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, mwanafunzi hutakiwa kujua sarufi na msamiati, lakini pia kuchagua lugha inayomfaa anayeandikiwa na jambo linaloandikwa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mtahiniwa anaweza kuwa na sarufi safi na bado akapoteza alama kwa kumwandikia mkurugenzi kana kwamba anamwandikia rafiki yake, au kumwandikia rafiki kana kwamba anawasilisha taarifa ofisini.

Chanzo kimojawapo cha tatizo hilo ni historia ya elimu yetu. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma mwaka 1967, watoto wengi wamekuwa wakikutana na Kiingereza kama somo, kisha kama lugha ya kufundishia wanapofika kidato cha kwanza.

Matokeo yake ni kwamba Kiingereza wanachokijua zaidi ni kile cha vitabu na ubao. Kile cha mazungumzo hukipata katika filamu, nyimbo na ujumbe wa simu, bila mtu wa kuwaeleza ni wapi kinafaa na wapi hakifai.

Hata hivyo, jambo lenyewe si geni kwa Mswahili. Kijana anayemwambia mwenzake "mambo vipi" hamwambii hivyo babu yake, bali humwamkia "shikamoo". Katika somo la Kiswahili tofauti hiyo hufundishwa kwa jina la rejesta.

Tofauti ilikotoka

Kiingereza kina maneno mengi yanayokwenda wawili wawili: moja la kawaida, jingine la heshima. "Ask" na "request" yote yanahusu kuomba. "Buy" na "purchase" ni kununua. "Help" na "assist" ni kusaidia. "Begin" na "commence" ni kuanza.

Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, Kilatini kikabaki cha kanisa na elimu, na Kiingereza kikawa cha watu wa kawaida. Ndiyo maana hadi leo maneno mengi yenye asili ya Kifaransa au Kilatini husikika kuwa rasmi zaidi.

Aidha, lugha rasmi huepuka vifupisho. Huandikwa "I am" na si "I'm", "do not" na si "don't". Vitenzi vya maneno mawili kama "put off" na "find out" mara nyingi huachia nafasi "postpone" na "discover".

Maneno ya mitaani kama "gonna", na ufupisho wa simu kama "u" badala ya "you", hayana nafasi kabisa katika barua rasmi.

Barua mbili, kanuni mbili

Barua ya kirafiki huwa na anuani moja tu, ya mwandishi, juu upande wa kulia. Barua rasmi huwa na anuani mbili. Ya mwandikiwa hukaa chini yake, upande wa kushoto.

Barua rasmi huwa pia na kichwa kinachotaja jambo, kama vile barua zetu za Kiswahili zinavyotanguliwa na "YAH". Mwishoni huwekwa saini na jina kamili, ilhali rafiki hutosheka na jina moja.

Kwa desturi ya Uingereza, barua inayoanza na "Dear Sir or Madam" hufungwa kwa "Yours faithfully", na ile inayomtaja mtu kwa jina lake la ukoo hufungwa kwa "Yours sincerely". Herufi kubwa huwekwa kwenye neno la kwanza tu, na "Yours" haina alama ya ritifaa.

Iwapo swali limetoa jina na anuani za kutumia, mtahiniwa atumie hizo na asiandike jina lake halisi.

Mtego wa tafsiri

Kosa jingine ni kuhamisha adabu ya Kiswahili neno kwa neno. Barua zetu huanza kwa salamu ndefu, kisha "dhumuni la barua hii". Katika barua rasmi ya Kiingereza, mwandishi huingia kwenye jambo lake tangu sentensi ya kwanza.

Vilevile, Mswahili anayesema "naomba" ameshaonyesha heshima. Mwingereza huionyesha kwa "could" na "would": "I want a job" ni amri masikioni mwake, lakini "I would like to apply" ni ombi.

Tuchukue mwanafunzi atakayekosa masomo kwa siku mbili. Kwa mkuu wa shule ataandika: "I am writing to request permission to be absent for two days." Kwa rafiki yake ataandika: "I won't be at school for a couple of days, so please keep your notes for me."

Habari ni ile ile, ila sentensi ya kwanza inaomba ruhusa na ya pili inazungumza. Zoezi la kuandika ujumbe mmoja kwa namna mbili hivi, kila siku, lina faida kuliko kukariri barua moja ya mfano.

Barua kwa mjomba au shangazi iko katikati. Umbo lake ni la kirafiki, lakini maneno ya mitaani hayaifai.

Wala urasmi si kujaza maneno makubwa. Katika tamthilia ya Wole Soyinka, The Lion and the Jewel, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959, mwalimu Lakunle anamposa Sidi kwa Kiingereza cha vitabuni, naye binti anamwona kichekesho. Lugha yake ni ya kisomi, lakini haikumfaa msikilizaji wake.

Kwa wengi wanaomaliza kidato cha nne, barua ya kwanza baada ya mtihani huwa ya kuomba kazi au nafasi ya chuo. Huko hakuna msahihishaji wa kupunguza alama mbili tatu. Barua isiyofaa huwekwa kando, na mwandishi wake haambiwi sababu.