Muwasho wa dobi

Wadau, leo naongelea jambo ambalo wanaume tunalificha hata mbele ya daktari. Mwenye aibu na asome kwa jicho moja.

Kuna mwaka nilikuwa nafukuzia habari kwa miguu, asubuhi Kivukoni, mchana Kariakoo, jua la Februari, jinzi nzito, jasho mpaka kwenye soksi. Nikaanza kuwashwa kinenani. Kila paja lilikuwa na duara jekundu, ukingo umeinuka, katikati pamepoa. Nikaingia duka moja la dawa, nikavizia mpaka yule dada wa kaunta akaingia ndani, ndipo nikamnong'oneza kijana aliyebaki. Hakuniuliza swali hata moja. Alinipa tyubu ya krimu, siku ya tatu muwasho ukaisha, nikaacha kupaka. Wiki mbili baadaye ukarudi na kusambaa hadi matakoni. Nikanunua tyubu nyingine. Nilifanya mchezo huo miezi minne.

Mwisho nikaenda kwa daktari wa ngozi, mzee wa makamo. Baada ya shikamoo na kigugumizi changu, akaiangalia ile tyubu akatikisa kichwa. Ilikuwa na steroidi. Steroidi inazima wekundu na muwasho, wakati fangasi wanaendelea kula raha chini yake, na sura ya ugonjwa inabadilika mpaka hata daktari anaweza kudanganyika. Hali hiyo ilielezwa na madaktari wa Uingereza, Ive na Marks, tangu mwaka 1968.

“Mwanangu,” akaniambia, “huu Waingereza waliuita dhobi itch, muwasho wa dobi. Walimsingizia mfua nguo wa watu.”

Nikasahau muwasho, nikaanza kuchimba.

Neno dobi tumelipata kutoka Uhindi, pamoja na wafuaji wenyewe. Waingereza walioishi huko karne ya 19 waliwashwa mapajani kila msimu wa joto, wakaamua kwamba dobi anachanganya nguo zao na za watu wengine na kuwaletea ugonjwa. Jina likaingia kwenye vitabu vya udaktari, kikiwemo cha Patrick Manson kuhusu magonjwa ya nchi za joto, kilichotoka London mwaka 1898. Lakini mwaka 1860 Hebra wa Vienna alikuwa ameshaueleza ugonjwa huo huo, na Vienna hakukuwa na dobi wa Kihindi wa kulaumiwa.

Aliyeufuatilia sana ni Mwitaliano Aldo Castellani. Huyu alipita kwetu: mwaka 1902 alifika Entebbe kuchunguza ugonjwa wa malale, kisha akaenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, akajikita kwenye fangasi wa ngozi, wa kinenani wakiwemo. Ipo dawa nyekundu ya kupaka inayoitwa kwa jina lake.

Sasa uje Dar. Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916, na baadaye wakaugawa kwa kanda: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama ukuta. Sababu mojawapo waliyoitoa ni afya. Lakini hata Mzungu aliyekaa mbali na watu alihitaji mtu wa kumfulia, na nguo hazijui kanda. Hofu yote ikamwangukia anayezishika. Na ni Waingereza hao hao ambao wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, ndio chanzo cha jina la Kariakoo. Mpagazi akaachiwa mtaa, dobi akaachiwa ugonjwa.

Nisimpendelee dobi kupita kiasi. Taulo na nguo za kuazimana zinaweza kuhamisha fangasi. Na kuna kosa moja ambalo kweli lilikuwa la dobi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari waliokuwa Uhindi walitokwa na vipele pale pale ilipogusa alama aliyoiandika dobi kwenye nguo. Wino wake ulitokana na kokwa la mti wa jamii moja na mkorosho. Aliyewahi kubangua korosho Mtwara anajua utomvu wake unavyobabua ngozi. Lakini huo ni mzio, hauna uhusiano na fangasi.

Fangasi wa kinena mara nyingi huanzia miguuni mwako mwenyewe. Una fangasi kati ya vidole, unavaa chupi, inapita kwenye vidole na kuwapandisha juu. Daktari aliniambia nivae soksi kwanza, nijikaushe vizuri, nipake dawa halisi ya fangasi kama klotrimazoli, na nisiache muwasho unapokoma bali niendelee wiki mbili zaidi. Bibi zetu waliijua Whitfield, mafuta ya asidi ya benzoiki na salisiliki yaliyobuniwa na daktari wa London mwanzoni mwa karne iliyopita. Yanachoma kidogo, lakini yanafanya kazi, na ni ya bei nafuu.

Si kila muwasho ni fangasi. Sabuni kali na manukato huleta wekundu huko, na anayejisugua zaidi akidhani ni uchafu anazidisha. Kichwa cha uume kikivimba au kuwa chekundu chini ya ngozi ya mbele, na hali ikijirudia, pima sukari, maana kisukari hujitambulisha hivyo kwa baadhi ya watu. Ukiona kidonda, usaha, au ngozi ya mbele inakataa kurudi mahali pake, usinong'one dukani, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi nilipona baada ya kama wiki tano. Jumamosi iliyofuata nilimpelekea nguo dobi wangu wa Kariakoo, mwenye pasi ya mkaa, nikamsimulia kisa chote. Alicheka mpaka akaiweka pasi chini. Kisha akapekua furushi langu, akachomoa boksa mbili zilizojichanganya na mashati, akanirudishia.

“Hizi kafue mwenyewe, kaka. Mimi nguo za ndani sipokei.”