Mistari Kichwani, Imani Moyoni



Mwaka 1929 Daktari Joe Church, mmisionari wa Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka rohoni. Biblia aliijua, tena aliifundisha. Huko Namirembe, Kampala, akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, mwenye kiu ile ile. Wakasoma na kuomba pamoja siku mbili. Hawakupata kitabu kipya. Neno lile lile walilolizoea ndilo lililowavunja na kuwafanya upya. Kutoka hapo Uamsho ukaenea, ukafika Kenya mwaka 1937.

Miaka ya 1950 imani hiyo ilijaribiwa. Katika nchi ya Wakikuyu, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau. Wakakataa pia kushika bunduki za Serikali ya kikoloni. Wengine waliuawa. Kukariri mistari tu hakumfikishi mtu hapo.

Nasi tulijaribiwa. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Je, nchi hii ilikosa Biblia? La! Yakobo atukumbusha kwamba hata mashetani wanajua Mungu ni mmoja.

Basi, ndugu yangu, usihesabu mistari uliyokariri. Jiulize: jirani wa kabila jingine akibisha hodi usiku wa hatari, utamfungulia?

Bwana atupe imani iliyo hai. Amina.