Sura Kwenye Pamba

Leo naomba tuipumzishe siasa kidogo, itakuwepo tu kesho. Nataka tuzungumzie fulana za msibani.

Unazijua. Mtu akifariki leo, kesho kutwa ndugu wamevaa fulana nyeupe yenye picha yake kifuani, jina lake, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, na chini yake "Tutakukumbuka daima". Tunazika, tunakula, tunatawanyika. Baada ya miezi sita nenda kaangalie fulana ile iko wapi. Moja inalimia shamba. Nyingine inadekia sakafu. Na sura ya marehemu imebanduka, limebaki jicho moja na nusu ya neno "daima".

Simlaumu mtu. Nimelikumbuka hili kwa sababu siku hizi nasoma historia ya watu ambao nao waliweka picha kwenye kitambaa, lakini wakashona kitu cha kubaki. Wamarekani wanakiita kwilti. Kwa asiyeijua, ni blanketi la tabaka tatu: juu vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati pamba ya kujazia, chini kitambaa cha mgongo, halafu sindano inapita tabaka zote tatu kuzishikamanisha. Kwetu kiraka ni dalili ya umaskini. Kule kiraka ni urithi: kipande cha gauni la bibi, cha shati la babu, cha nguo ya mtoto aliyekua. Picha ilipowezekana kuwekwa kwenye pamba, nayo ikawa kiraka.

Iliwezekanaje? Ngoja niwape historia kidogo.

Mwaka 1842 mwanasayansi Mwingereza John Herschel alichanganya kemikali mbili zenye madini ya chuma, akapaka mchanganyiko huo kwenye karatasi na kuuweka juani. Palipopigwa na mwanga paligeuka, na baada ya kusuuza kwa maji pakabaki rangi ya bluu iliyokoza. Njia hiyo inaitwa sayanotaipu. Mwaka uliofuata, 1843, mwanamke aitwaye Anna Atkins alianza kuitumia kutoa kitabu cha picha za mwani wa Uingereza. Baadaye wahandisi waliichukua kunakilia michoro ya majengo na mashine.

Sasa angalia uzuri wake. Haihitaji fedha, madini yaliyotumika kwenye picha nyingi za zama zile. Haihitaji mashine. Inahitaji jua, maji na kitu kinachonyonya. Karatasi inanyonya, lakini hata pamba inanyonya. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 familia za Marekani zilikuwa zinapaka dawa ile kwenye kitambaa cha pamba, zinalaza negativu juu yake, zinaianika, zinasuuza, halafu zinashona foronya za mito na kwilti zenye sura za watu wao. Kitambaa hicho ni ndugu wa ile "merikani" ambayo wazee wetu wa pwani waliipa jina la nchi ilikotoka.

Kasoro? Ipo. Bluu ile haipatani na magadi wala sabuni kali, inafifia na kuacha unjano. Jua lililoizaa nalo likiipiga mno linaichosha, ingawa ukiiweka gizani hurudi kiasi. Kwa hiyo aliyekuwa nayo alilazimika kujua namna ya kuifua na mahali pa kuiweka. Shika hilo, tutalirudia.

Karne ya 20 ilileta njia ya haraka. Mwaka 1973 kampuni ya Xerox ilitoa mashine ya kunakili kwa rangi, na wasanii wakagundua kwamba nakala inaweza kutolewa kwenye karatasi maalumu, kisha ikahamishiwa kwenye kitambaa kwa joto la pasi. Picha lazima igeuzwe kwanza kama ya kwenye kioo, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Rahisi sana. Lakini njia hii hulaza utando mwembamba wa plastiki juu ya kitambaa, haizami ndani ya nyuzi kama bluu ya Herschel. Ukifua na kukunja, utando unapasuka. Fulana nyingi zinazobanduka tatizo lake ni hilo.

Na sasa nifike kwenye kwilti iliyonifanya niandike.

Novemba 1985 mjini San Francisco watu waliandamana usiku kuwakumbuka wanasiasa wawili waliouawa, Harvey Milk na George Moscone. Mwanaharakati Cleve Jones aliwaomba waandike kwenye mabango majina ya jamaa zao waliokufa kwa UKIMWI. Mabango yakabandikwa kwenye ukuta wa jengo la serikali kuu. Jones alipoutazama ukuta ule aliona kwilti. Mwaka 1987 kazi ya kushona ikaanza. Kila aliyefariki alipewa kipande cha futi tatu kwa sita, takriban ukubwa wa kaburi. Tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja wa National Mall, Washington.

Ndani ya vipande hivyo kuna suruali za jinzi, barua, midoli, nywele, na picha. Picha nyingi. Kumbuka ni wakati ambao baadhi ya wafu wale walikataliwa na familia zao, na wapo ambao hata kuzikwa kwao kulikuwa shida. Aliyenyimwa kaburi alishonewa la pamba, lenye uso wake. Leo kwilti hiyo ina vipande kama 50,000 na majina zaidi ya 110,000, uzito wake tani 54, na inatunzwa eneo la San Francisco. Wapo watu ambao kazi yao ni kuikagua na kuishona upya pale inapochakaa.

Ndugu zangu, hapo nikafikiria kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kabla jina la kitabibu halijazoeleka, watu wa kule waliuita Juliana, jina la aina ya nguo iliyokuwa ikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Yaani ugonjwa wenyewe tuliupa jina la nguo! Lakini waliokufa hatukuwashonea kitu. Wengi tuliwazika kwa minong'ono, mara amerogwa, mara ni malaria. Picha zao zikafichwa chini ya godoro au zikaliwa na mchwa.

Leo njia ni nyepesi kuliko wakati wowote. Chukua pamba nyeupe, ipige pasi, ibandike kwenye karatasi ya stika ya A4 kutoka steshenari, ipitishe kwenye printa ya wino. Wino wa chembechembe hushika kuliko wino wa rangi inayoyeyuka, ambao bila kitambaa kutiwa dawa kwanza huondoka na maji. Bandua karatasi, acha ikauke, piga pasi, suuza kwa maji baridi. Fundi cherehani wa mtaani kwako anaweza kumaliza kazi iliyobaki.

Lakini wino bora peke yake hautoshi. Foronya za bluu zilizofika hadi leo zimefika kwa sababu kuna mtu alikataa kuzifua kwa magadi. Kwilti ya UKIMWI ipo kwa sababu kuna mtu bado ameshika sindano. Neno "daima" kwenye fulana halina kazi kama hakuna aliyepewa jukumu la kulitunza.

Kwa hiyo nauliza, hasa wenzangu vijana: msibani tunachangishana hela za fulana hamsini. Je, hatuwezi kupunguza moja, hela yake tukampa fundi atushonee kipande kimoja cha kubaki nyumbani? Na nani kwenye ukoo wako angekabidhiwa kukitunza?

Uwanja ni wenu. Tujadili.