Ati mafunzo ya jela hayasaidii? Hiyo kauli ilitoka wapi

Kila mjadala wa magereza lazima mtu aseme ati kumfunza mfungwa ni kutupa pesa. Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1974 kule Marekani, Robert Martinson alipitia tafiti 231, akaandika kwamba isipokuwa chache tu, juhudi za kurekebisha wafungwa hazikupunguza kurudia uhalifu. Wanasiasa wa kila upande wakaidaka. 1979 mwenyewe akaikana kauli hiyo: zingine zinasaidia. Nani alikuwa anamsikiza? Sheria ya 1984 ikafuta kuachiliwa mapema kwa masharti kwa wafungwa wa serikali kuu.

Wanaotetea mafunzo nao hupima vibaya. Anayejiandikisha useremala huenda ashaamua kubadilika. Mlinganishe na aliyetaka nafasi akakosa. Halafu kuna huku nje. Mjomba wangu alitoka na ufundi wake, na kila alikoomba kazi wakaitisha cheti cha tabia njema.